1790, mwaka Sydney ilipokaa kusubiri meli, na mzee asiyekuwa na sufuria

Jumapili iliyopita nilienda kwa Mangi hapa mtaani kwetu Temeke nikamwambia anipimie unga kilo moja na kidogo, na mchele kilo moja kasoro kidogo. Mangi akaniangalia, "dada, hicho kidogo ndo kiasi gani sasa?" Nikamwonyesha kwenye simu, unga gramu 1,130, mchele gramu 900, na kwa vile ana mzani wa digitali akapima bila shida, anapunguza kijiko, anaongeza kijiko, mpaka namba ikakaa. Nikapita buchani nikachukua nyama gramu 900, ya ng'ombe maana nguruwe kwetu haliingii, nikarudi nyumbani nikavipanga vyote mezani alafu nikamwita mama.

Nikamwambia mama, hiki ndo chakula cha mtu mmoja wiki nzima. Hamna mafuta, hamna sukari, hamna kingine, ni hiki tu.

Mama akaushika ule mfuko wa unga akaupimapima mkononi. Akaniuliza, "Mgao wa wapi huu?"

Sikumtajia neno mgao mimi, alilisema mwenyewe. Watu wa umri wake wakiona chakula kimepimwa namna ile wanajua wanaangalia nini.

Ni mgao wa Sydney, Australia, Aprili mwaka 1790. Ratili mbili na nusu za unga, ratili mbili za mchele, ratili mbili za nyama ya nguruwe ya chumvi, kwa wiki, na kila mtu anapewa sawa, gavana, askari, mfungwa, mpaka mtoto aliyevuka miezi 18. Nyama yenyewe ilikuwa imekaa kwenye chumvi miaka mitatu na zaidi, na mchele, anaandika ofisa mmoja wa askari wa majini anaitwa Watkin Tench, ulikuwa unatembea kwa wadudu. Nimekuwa nikisoma habari za huo mwaka kama miezi miwili sasa, usiku watoto wakishalala, na imenishika kiasi kwamba nisipoiandika sitatulia.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Magereza ya Uingereza yalijaa, na Marekani walikozoea kuwatupa wafungwa wao ikawa imeshajitenga, kwahiyo mwaka 1787 wakapakia meli 11, wafungwa zaidi ya 700 pamoja na askari na maofisa, wakawapeleka upande wa pili wa dunia kuanzisha koloni. Walitia nanga pale Sydney tarehe 26 Januari 1788 chini ya Gavana Arthur Phillip. Ile nchi ilikuwa na wenyewe, nitawafikia. Wageni wakaja na mbegu ambazo nyingi ziliharibikia njiani, watu wanaojua kulima kati yao wachache mno, udongo wa pale bandarini hafifu, basi miaka miwili ya mwanzo wakawa wanakula stoo tu. Kila mtu anajua stoo inapungua na kila mtu anaangalia baharini.

Na meli ilishatumwa kiukweli. Inaitwa Guardian, imejaa vyakula na vifaa kwa ajili yao, ikatoka Rasi ya Tumaini Jema Desemba 1789, na tarehe 24 ya mwezi huo ikagonga mlima wa barafu katikati ya bahari. Nahodha wake, Edward Riou, kijana tu, akapambana nayo wiki tisa ikiwa imejaa maji mpaka akairudisha Rasi. Kule Sydney hawakujua chochote. Walikuwa wameshaweka watu kwenye kilima cha mdomo wa bandari, na mlingoti wa bendera, ili meli ikionekana tu bendera ipande na mji mzima uone.

Mimi nafanya kazi ya kuklia mizigo bandarini, kwahiyo kusubiri meli nakujua. Mteja anapiga simu mara nne kwa siku, dada meli imefika? Ukisimama pale Feri unaziona zimetia nanga nje huko zinangoja zamu. Lakini sisi tunajua meli inaitwa nani, imebeba nini, imetoka wapi, inafika lini. Hawa walikuwa wanasubiri kitu ambacho hawajui hata kama kipo.

Machi wakaamua kupunguza midomo. Tarehe 6 zikaondoka meli zao mbili, Sirius na Supply, na watu zaidi ya 200 wafungwa na askari, kuwapeleka kisiwa cha Norfolk ambako ardhi ilikuwa nzuri zaidi. Tarehe 19 Sirius ikapanda juu ya mwamba palepale kisiwani ikavunjika. Hakuna aliyekufa, ila Sirius ndo ilikuwa meli yao kubwa. Ile ndogo, Supply, ikarudi Sydney mwanzoni mwa Aprili na habari hiyo, na kabla mwezi haujaisha ikatumwa Batavia, ndo Jakarta ya leo, kununua chakula. Kwahiyo baada ya tarehe 17 Aprili bandari ikabaki tupu kabisa. Koloni zima halina meli hata moja.

Kule Norfolk waliokolewa na ndege. Kuna ndege wa baharini waliokuwa wanakuja kutaga kwenye mlima wa kile kisiwa, wanachimba mashimo ardhini, hawamwogopi mtu, usiku watu wanaenda kuwaokota tu kwa mkono. Kati ya Aprili na Julai walichinja zaidi ya 170,000. Wakawaita ndege wa majaliwa, kwamba Mungu ndo kawaleta, na miaka michache baadaye pale kisiwani wakawa hamna tena.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikapime unga.

Tarehe 12 Mei 1790 mzee mmoja mfungwa alienda stoo kuchukua chakula chake cha siku. Walikuwa wameanza kugawa kwa siku badala ya wiki maana wengi walikuwa wanamaliza mapema alafu wanakaa siku kadhaa bila kitu. Akaanguka palepale kwenye foleni kwa njaa. Wakambeba hospitali, kesho yake asubuhi akafa. Madaktari wakampasua waone nini, tumbo lilikuwa tupu kabisa.

Ukisoma hapo utajiuliza, si anapata mgao kama wengine? Aliyeyaandika haya ni David Collins, ofisa wa sheria wa koloni, na akaandika pia sababu. Yule mzee hakuwa na chombo cha kupikia. Hana sufuria wala hana aliyemshirikisha ya kwake. Kwahiyo kila siku akitaka kupika inabidi amkatie mtu kipande cha chakula chake ndo aazimwe chungu. Siku akiona hawezi kukata, maana hicho chenyewe ni kiduchu, anakula mchele mbichi. Ukamwaribu tumbo mpaka ukamuua.

Nilisoma hiyo sehemu usiku kwenye simu, nikarudia, alafu nikaenda jikoni nikasimama tu naangalia rafu ya vyombo. Mgao ulikuwa sawa kwa sawa, unga wa gavana na unga wa mfungwa gramu zilezile, na Phillip mwenyewe alifanya jambo ambalo namheshimu nalo, alitoa unga wake binafsi zaidi ya ratili 300 akaweka kwenye stoo ya wote, na ukialikwa chakula kwake ulikuwa unakwenda na mkate wako. Kwenye daftari la stoo hamna aliyeonewa hata mmoja. Ila daftari haliandiki nani ana sufuria.

Nilipomsimulia mama hii habari alinyamaza muda. Alafu akaniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria, "Na huyo aliyemuazima, alikuwa anamkatia kiasi gani?" Nikamwambia haijaandikwa. Akatikisa kichwa.

Akaanza kunieleza miaka ya themanini mwanzoni, mimi sijazaliwa, yeye ameolewa mwaka wa kwanza wanakaa chumba kimoja Magomeni. Foleni za unga wa yanga, ule wa njano, foleni za sabuni, foleni za sukari. Unaamka saa kumi usiku unaenda kuweka jiwe lako kwenye mstari, jiwe linakushikia nafasi, unarudi kulala kidogo. Alisema mawe yalikuwa yanajulikana kabisa, hili la mama fulani, hili la yule wa nyumba ya pili, na hamna aliyegusa jiwe la mwenzie. Nyumba yao ilikuwa na wapangaji sita na sufuria kubwa ilikuwa moja tu, ya mama yake mmoja wa wapangaji, inazunguka nyumba nzima. "Lakini mwanangu chombo hakirudi kitupu," akasema, "hata ukiwa huna, unatia hata kipande cha muhogo, hata limau, unafunika na kawa unarudisha." Nikamwambia mama, si ni kilekile, na yule mzee alikuwa anatoa chakula kwa ajili ya sufuria. Akakataa kabisa, akawa mkali. Akasema yule alikuwa anakatwa kabla hajala. Sisi tulikuwa tunarudisha baada ya kushiba, na mwenye sufuria akijua leo huna kitu anakupakulia yeye.

Sina cha kumjibu mpaka leo. Nadhani yuko sahihi.

Njaa ya namna ile ikageuza chakula kuwa fedha na kuwa hukumu. Mwizi wa viazi mmoja alihukumiwa viboko 300, afungwe mnyororo miezi sita, na unga wake usimame miezi hiyohiyo sita. Wakatangaza zawadi kwa atakayemkamata mwizi wa bustani, ratili 60 za unga. Piga hesabu na ratili mbili na nusu kwa wiki, ni unga wa wiki 24 kwa kumkamata mwenzio mwenye njaa.

Na kuna mmoja ambaye nataka watu wa huku wamjue, maana wengi hatujui kwamba kwenye zile meli za kwanza walikuwemo Weusi. Alikuwa anaitwa John Caesar. Wanasema huenda alizaliwa Madagaska, yaani bahari hii yetu hii, akafika Uingereza, akawa mtumishi, mwaka 1786 akahukumiwa miaka saba kwa wizi wa pesa. Alikuwa na mwili mkubwa, mchapakazi kuliko wote, hilo wameandika wenyewe. Na mwili mkubwa unapewa mgao uleule wa gramu zilezile. Collins anaandika kwamba alikuwa anaweza kumaliza chakula cha siku mbili kwa siku moja, na anaandika kama anamsema mnyama, maneno ya kuudhi kweli. Sisi huku tunasema tu mtu mkubwa anakula kwa mwili wake. Akawa anaiba chakula, anakamatwa, adhabu ikawa kifungo cha maisha, anakimbilia msituni, anarudishwa. Desemba 1789 alitoroka tena na mtumbwi, mwisho wa Januari 1790 akarudi mwenyewe amechomwa mikuki na wenyeji, wakamtibu, na Machi wakampakia na wale wa Norfolk. Aliishi mpaka 1796, alipigwa risasi na mtu aliyetaka zawadi, safari hii zawadi ilikuwa pombe, galoni tano za ramu. Aliacha mtoto wa kike, Mary-Anne.

Basi tarehe 3 Juni bendera ikapanda.

Tench anaeleza vizuri mno jinsi walivyotoka nje wakaona, wanawake wanabusu watoto wao, yeye na mwenzie wakawa wanashikana mikono machozi yanawatoka, wakakimbilia mashua. Miaka miwili na nusu hawajasikia neno kutoka kwao. Ni meli Lady Juliana, imetumia karibu miezi 11 njiani, na ilipofunguliwa ndani kuna wanawake wafungwa zaidi ya 220 na chakula kidogo. Lakini kulikuwa na barua. Ndo siku waliyojua kuhusu Guardian na barafu, na ndo siku waliyosikia kwamba Ufaransa kumetokea mapinduzi. Wiki mbili baadaye ikaja Justinian na vyakula, mgao ukarudishwa, watu wakapumua.

Alafu mwisho wa mwezi huohuo zikaingia tatu kwa mfululizo, Surprize, Neptune na Scarborough.

Hapa naomba nieleze kama mtu wa bandari. Sisi mzigo ukipakiwa kontena 100 zikafika 74, hiyo siku hatulali, kuna manifesti, kuna madai, kuna bima, mwenye meli anajibu ziko wapi nyingine. Zile meli tatu zilipakia wafungwa zaidi ya 1,000, wakafia njiani zaidi ya 250. Mtu mmoja katika kila wanne. Mzabuni alikuwa kampuni ya London, Camden, Calvert & King, watu waliokuwa wamezoea biashara ya kusafirisha watumwa kutoka Afrika, na minyororo yao waliyoizoea huko ndo waliyowafunga nayo hawa. Na mkataba ulisema serikali italipa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila kichwa kinachopakiwa. Kinachopakiwa! Kushuka hai hakukuwemo kwenye malipo. Kwahiyo mfungwa akishakufa, chakula chake kinabaki mali ya nahodha, na walipofika Sydney wenye meli wakafungua maduka ufukweni wakawa wanauza bidhaa kwa watu waliokuwa na njaa.

Mchungaji wa koloni, Richard Johnson, aliingia ndani ya meli hizo. Aliona watu uchi au nusu uchi hawawezi kusimama, wanatambaa kwa mikono na magoti, wengine wanabebwa mgongoni, wengine wanakufa palepale wakipigwa na hewa ya nje. Maiti zilitupwa bandarini. Na akasikia kwao kwamba mtu akifa kwenye mnyororo, aliyefungwa naye anakaa kimya siku kadhaa asiseme, analala na maiti, ili aendelee kupokea chakula cha marehemu. Walioshushwa wagonjwa walikuwa karibu 500, kiseyeye, kuhara, homa. Nahodha wa Neptune, Donald Trail, alikuja kushtakiwa London mwaka 1792 kwa mauaji, akaachiwa.

Kwahiyo mwaka ambao mji mzima ulilia kwa kusubiri meli, meli ndo zilizoleta makaburi mengi zaidi kuliko njaa yenyewe.

Na wenye nchi? Muda wote huu wapo. Tunawaita Waeora, watu wa bandari ile. Wanawake wao walikuwa wanavua kwa ndoana za magamba ya konokono wa baharini, kwenye mitumbwi ya magome ya mti, na ndani ya mtumbwi wanawasha moto mdogo juu ya udongo, samaki akitoka majini anachomwa hapohapo. Hawakuwa na stoo wala hawakusubiri bendera. Ila Aprili 1789 ndui ilikuwa imewapitia, Bennelong, mmoja wao aliyekuwa ametekwa na Phillip ili awe mkalimani, alisema karibu nusu ya watu wa sehemu ile walikufa. Bennelong naye alitoroka Mei 1790, katikati ya ile njaa. Waliomshikilia walikuwa wanahangaika kumshibisha, wanamfichia mwenyewe kwamba chakula kimeisha.

Septemba tarehe 7 wenyeji walikuwa wanakula nyangumi aliyekwama ufukweni Manly, Bennelong akampelekea gavana kipande na salamu. Phillip akaenda. Wakazungumza vizuri, wakanywa divai, alafu mtu mmoja mgeni pale, Willemering, akamrusha mkuki ukaingia karibu na bega ukatokea mgongoni. Phillip akaamuru asilipiziwe mtu. Akapona kama wiki sita, na baada ya hapo Waeora wakaanza kuingia mjini kwa amani. Lakini Desemba mwindaji wa gavana, John McIntyre, ambaye wenyeji walimchukia wazi, alichomwa mkuki na mwenyeji mmoja, Pemulwuy, na safari hii Phillip huyohuyo akaagiza watu kumi wauawe na vichwa viletwe. Tench akaomba ipunguzwe, ikawa sita. Wakatoka askari zaidi ya 40, wakazunguka kwenye matope siku kadhaa, wakarudi hawajampata hata mmoja. Ofisa mmoja, William Dawes, alikataa kwenda, akabembelezwa akaenda, na aliporudi akamwambia gavana wazi kwamba anajuta. Dawes ndo aliyekuwa anaandika lugha ya wenyeji, akifundishwa na binti anaitwa Patyegarang. Baadaye alikuja Afrika, akawa gavana Sierra Leone.

Supply ilirudi kutoka Batavia tarehe 19 Oktoba na chakula, na Desemba ikafuata meli ya Kidachi iliyokodishwa, Waaksamheyd, na mchele zaidi. Mwaka ukaisha hivyo.

Mama hakukubali vile vifuko vikae mezani. Jioni alichukua ule mchele wa gramu 900 akaupika, na nyama yote, tuko watu watano, na kijana wa jirani akapita akaitwa. Mchele wa wiki uliisha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Ukoko aliukwangua akauweka kwenye bakuli la jirani wa ng'ambo ambalo lilikuwa kwetu tangu Ijumaa, akafunika, akaniambia peleka.